Lenzi, flashi au taa za ukumbi? Picha za harusi za usiku kati ya Shinyanga na Geita

Msimu wa harusi ukishika kasi Kahama, Shinyanga mjini, Geita na Katoro, malalamiko yanayofuata sherehe huwa hayatofautiani sana. Bibi harusi ana uso wa bluu. Bwana harusi aliingia ukumbini akicheza vizuri, lakini pichani umebaki ukungu uliovaa suti. Wazazi waliokaa meza kuu hawaonekani, ingawa keki iliyo mbele yao inameremeta. Kamati inalaumu kamera. Mpigapicha analaumu taa. Muuzaji wa vifaa anasema tatizo ni lenzi, na walimu wa YouTube, wengi wao wakifundisha kutoka nchi ambako harusi hufungwa mchana bustanini, wanasema nunua kwanza kamera ya fulfremu ndipo tuzungumze.

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Tatizo humwangukia kijana anayewasikiliza wote kwa pamoja, kwa sababu huishia kununua vitu vizuri kwa mpangilio mbaya: lenzi ya bei kubwa wakati hana flashi, au bodi mpya ya kamera inayofungwa lenzi ileile ya zamani. Swali la kujibiwa hapa ni jepesi kulitamka na gumu kulimaliza: kwa harusi za ukanda huu, shilingi ya kwanza iende wapi, na ipi ingoje?

Jua linazama kabla ya ratiba

Saa ya Tanzania imepangwa kwa kufuata nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hata haupiti nchini. Geita ipo karibu na nyuzi 32, kwa hiyo jua la huko liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takribani dakika 50, na huzama karibu nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam. Kwa mwaka mzima, jua la Geita na Shinyanga huzama kati ya saa 12:40 jioni na saa 1:10 usiku. Hiyo ni zawadi kwa mpigapicha, maana mwanga laini wa jioni humfikia saa ambayo mwenzake wa pwani tayari yuko gizani.

Zawadi hiyo hupotea haraka. Tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na hapa jua hushuka wimawima. Likishazama, baada ya dakika ishirini hivi hakuna tena mwanga wa kufanyia kazi. Ibada ikianza saa 9 badala ya saa 8, msafara ukizunguka mji mara mbili, na bibi harusi akirudi saluni kubadilisha nywele, basi muda wa picha za nje umekwisha. Maharusi wanaingia ukumbini saa 2 usiku au zaidi, na kila kitu ambacho familia itakikumbuka, kuingia kwa wazazi, kufungua shampeni, kukata keki, kulishana, zawadi, kuserebuka, kinafanyika chini ya taa za umeme. Sendofu na kitchen party nazo hufuata mtindo huohuo.

Kwa hiyo hapa harusi ya usiku si tukio la nadra linalohitaji kifaa cha ziada. Ndiyo kazi yenyewe.

Hesabu ya mwanga

Jua la mchana wa wazi hutoa takribani lux 100,000. Ukumbi uliopambwa, taa nyeupe zikiwa zimezimwa ili mapambo yaonekane, unaweza kubaki na lux 40 pale maharusi waliposimama. Jicho huzoea tofauti hiyo bila kulalamika, ndiyo maana mwanakamati huapa kwamba ukumbi ulikuwa na mwanga wa kutosha. Kamera haina uzoefu huo.

Tuchukue lux hizo 40 na ISO 3200, kiwango ambacho kamera nyingi za miaka kumi iliyopita hukimudu. Lenzi ya 18–55 inayokuja na kamera, ikivutwa hadi mwisho, hufungua tundu la f/5.6, na shata italazimika kukaa wazi kwa sekunde 1/15. Lenzi ya f/2.8 itahitaji 1/60. Lenzi ya f/1.8 itahitaji 1/160. Mtu aliyesimama akisoma risala anapigika kwa 1/60. Mtu anayecheza anahitaji walau 1/200. Ule ukungu uliovaa suti chanzo chake ni hapa, katika sekunde 1/15 iliyompa bwana harusi nafasi ya kutupa mguu mzima. Teknolojia ya kutuliza mtikisiko iliyomo ndani ya lenzi au bodi haisaidii, kwa kuwa hutuliza mkono wa mpigapicha, haimtulizi anayecheza.

Hesabu hii inaonyesha kwa nini mjadala wa lenzi ni mkali hivyo. Kati ya f/5.6 na f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi, na hakuna ufundi wa mkono unaoweza kuziba pengo la mara kumi. Lakini hesabu hiyohiyo inasema pia kwamba f/1.8 peke yake, kwa ISO 3200, bado haijafika 1/200.

Tatizo la pili, lisilosemwa sana: rangi ya taa

Kumbi nyingi sasa zimefungwa taa za LED za kubadili rangi. Mpambaji huzipenda kwa sababu kitambaa cheupe kilekile huwa zambarau leo na bluu kesho bila kununuliwa kingine. Kwa macho ni uzuri mtupu. Kwa picha ya mtu mwenye ngozi nyeusi ni balaa, na sababu yake ni ya kimaumbile.

Ngozi ya binadamu, iwe ya rangi yoyote, hurudisha mwanga mwekundu zaidi kuliko wa bluu, na melanini hunyonya bluu kwa wingi. Ukimmulika kwa taa ya bluu mtu wa maji ya kunde, sehemu kubwa ya mwanga humezwa na ngozi na kidogo tu hurudi kwenye kamera. Shela jeupe pembeni yake hurudisha karibu wote. Matokeo ni gauni linalong'aa lenye uso mweusi tii juu yake. Mpigapicha akijaribu kusawazisha rangi kwenye kompyuta anagundua kwamba wekundu anaoutafuta haupo kwenye faili, kwa sababu haukuwepo ukumbini. Lenzi ya f/1.2 haiwezi kukusanya wekundu ambao taa haikuutoa. Hapa ndipo hoja ya "nunua lenzi" inapokatika kabisa, na inashangaza jinsi mjadala unavyoiruka.

Ongeza hapo udanganyifu wa kipimo cha mwanga cha kamera, kinachodhani kila kitu kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Gauni jeupe na turubai jeupe vikijaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga, na nyuso ndizo zinazolipa. Historia ya teknolojia hii haikuwa upande wetu pia: kadi za Shirley, ambazo maabara za Kodak zilizitumia tangu miaka ya 1950 kupimia rangi, zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe. Tecno ilijipatia soko Afrika kwa sehemu fulani kwa kupanga kamera za simu zake kwa ajili ya ngozi nyeusi, na si ajabu mgeni mwenye simu hiyo akaonyesha uso uliokolea vizuri kuliko wa kamera kubwa iliyoachwa ijipime yenyewe. Ila mgeni huyo amefaulu kwa walioketi. Simu hupiga usiku kwa kuunganisha picha kadhaa za mfululizo, na muziki ukianza ufundi huo unaishia hapo.

Jambo la tatu ni kumetameta kwa taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa nyingi hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, na LED za bei nafuu zinazofifishwa humetameta kwa kasi yake nyingine. Shata ya haraka, hasa ya kielektroniki kwenye kamera zisizo na kioo, hunasa mistari ya giza ikipita usoni. Kushusha shata hadi 1/100 au 1/50 husaidia umeme ukiwa wa Tanesco. Jenereta ndogo ikiwashwa na mzigo wa muziki ukapanda, 50 hiyo haitulii tena.

Wanaotetea lenzi za f/1.8 na f/1.4

Hoja yao kuu ni bei, na ni hoja nzito. Canon EF 50mm f/1.8 STM ilitoka mwaka 2015 kwa dola 125. Zuumu ya 24–70 f/2.8L II ya kampuni hiyohiyo ilitoka mwaka 2012 kwa dola 2,299, zaidi ya mara 18 ya bei hiyo, na bado hiyo ndogo hupitisha mwanga mara mbili na nusu zaidi. Uzito nao: gramu 160 dhidi ya 805. Mtu atakayesimama kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku anazihisi gramu hizo begani.

Udhaifu wao upo katika mambo mawili. La kwanza ni kina cha fokasi. Lenzi ya 85mm ikifunguliwa f/1.4 kwa mtu aliye umbali wa mita mbili huleta fokasi ya unene wa sentimita nne na nusu hivi. Inatosha macho ya bibi harusi, haitoshi pua ya bwana harusi aliyesimama nusu hatua nyuma yake. Picha ya kulishana keki ina nyuso mbili na mkono mmoja katikati, na kwa f/1.4 utachagua kimoja. Ukibana tundu hadi f/2.8 ili wote waingie, faida uliyoilipia umeirudisha dukani.

La pili ni nafasi. Kwenye kamera ya kropu ya Canon, yenye kihisi kidogo kuliko cha fulfremu, 50mm huona kama 80mm, na kwa za kropu za Nikon kama 75mm. Ukumbini unahitaji kurudi nyuma, na nyuma kuna mpiga video, mashosti wenye simu na mhudumu wa vinywaji. Sebuleni kwa wazazi, siku ya kitchen party au nikaha ya nyumbani, hakuna pa kurudi. Hapo 35mm ndiyo inayofaa, na Nikon waliitoa 35mm f/1.8 ya kropu tangu mwaka 2009 kwa bei ya kawaida. Mwenye lenzi mbili za namna hii analazimika kuzibadilisha, na kubadilisha lenzi Geita mwezi wa Agosti ni kukaribisha vumbi jekundu ndani ya kamera.

Wanaotetea zuumu za f/2.8

Kuingia kwa maharusi ndiko kunakoipa zuumu haki yake. Mpigapicha anatembea kinyumenyume, maharusi wanakuja wakicheza, umbali unabadilika kutoka mita sita hadi mita moja ndani ya nusu dakika, kisha mama mzazi anajitosa kati kumtunza mwanawe. Mwenye 50mm atapata vitu vitatu na kukosa vitano. Tukio hilo halirudiwi, hata MC awe mkarimu namna gani.

Kanisani pia zuumu ndefu ina maana. Mapadre na wachungaji wengi hawataki flashi wala mtu anayezungukazunguka madhabahuni, na 70–200 f/2.8 humruhusu mpigapicha kukaa pembeni akaheshimu ibada. Bahati nzuri ibada ni mchana, madirisha yako wazi, na f/2.8 inatosha.

Usiku haitoshi. Kwa mfano wetu wa lux 40, f/2.8 hutoa 1/60 na kuomba ISO ipande hadi 12,800 ili mcheza ngoma atulie. Mwenye zuumu ya f/2.8 peke yake bila flashi amelipa bei ya gari bovu na bado anahitaji msaada. Sigma walijaribu kuwapatanisha wagomvi hawa mwaka 2013 kwa zuumu ya 18–35 inayofungua f/1.8 kwa kamera za kropu. Ni lenzi nzuri kwelikweli na wapiga video wanaijua, ila ina gramu 810, na safari yake fupi ya kuvuta haiwezi kumfikia aliye mbali kanisani.

Wanaosema tatizo ni kamera

Kihisi cha fulfremu kina milimita 36 kwa 24. Eneo hilo ni zaidi ya mara mbili ya kihisi cha kropu, na ukiwa na lenzi ya tundu lilelile, kwa pembe ileile, unakusanya mwanga zaidi ya mara mbili. Ni faida halisi ya hatua moja na kidogo: picha ya ISO 6400 kwenye fulfremu huonekana kama ya ISO 3200 au chini yake kwenye kropu ya umri huohuo.

Lakini tujiulize picha hizo zinaishia wapi. Nyingi huishia WhatsApp, ambayo huzibana kabla hazijafika kwa shangazi Bariadi, na nyingine huchapwa ndogo za albamu. Kwenye kioo cha simu chembechembe za ISO 6400 hazionekani. Uso wa bluu unaonekana. Ukungu wa mguu unaonekana. Picha kubwa inayotundikwa ukutani kwa kawaida ni ile ya jioni, iliyopigwa jua likiwepo. Hivyo faida ya fulfremu hutua mahali ambapo mteja hatazami sana, na kasoro anazoziona haiziponyi.

Matangazo ya fokasi ya gizani nayo yapunguziwe uzito. Canon 6D ya mwaka 2012 ilitangazwa kufokasi hadi EV -3 (EV ni kipimo cha wingi wa mwanga), na Canon R6 ya mwaka 2020 hadi EV -6.5 ikiwa na lenzi ya f/1.2. Ukumbi wetu wa lux 40 upo kwenye EV 4, hatua saba juu ya uwezo wa ile ya zamani. Kinachoishinda fokasi ukumbini mara nyingi ni ukosefu wa utofauti wa rangi chini ya taa moja ya bluu, pamoja na moshi wa DJ. Kwenye kamera za DSLR, taa nyekundu ya kusaidia fokasi iliyo kwenye flashi hutatua sehemu kubwa ya hilo. Kamera nyingi zisizo na kioo haziitumii taa hiyo, na hilo ni jambo ambalo muuzaji hulisahau.

Kamera zisizo na kioo zina ubora ambao hauna ubishi: hufuata jicho la mtu anayecheza, na huonyesha picha itakavyokuwa kabla hujabonyeza, kinga nzuri dhidi ya kile kipimo kinachodanganywa na gauni. Kwa anayemudu, ni hatua mbele. Kwa asiyemudu, soko la mitumba limejaa Canon 5D Mark III, 6D na Nikon D750. Hapo aangalie idadi ya mibonyezo. Shata ya 5D Mark III na ya D750 zilipimwa kwa mibonyezo 150,000, ya 6D kwa 100,000. Anayepiga picha 1,500 kwa harusi na harusi 40 kwa mwaka anatumia 60,000. Bodi iliyokwisha kufika 140,000 inaweza kufa katikati ya kukata keki. Na 6D ina nafasi ya kadi moja tu ya kumbukumbu, jambo ambalo kwa kazi isiyorudiwa ni kasoro kubwa kuliko chembechembe zote za duniani.

Kuna wanaosema programu zitamaliza ubishi wote. Adobe waliweka kwenye Lightroom, Aprili 2023, zana ya akili mnemba ya kuondoa chembechembe, na inafanya kazi ya kushangaza ikiwa umepiga kwa RAW na una kompyuta yenye nguvu. Haiondoi ukungu wa mwendo wa sekunde 1/15 na hairudishi wekundu ambao haukuwepo.

Wanaotetea flashi

Flashi ndicho kifaa pekee kati ya vyote vilivyotajwa kinachobadilisha chanzo cha tatizo. Huleta mwanga mweupe wenye rangi zote, kwa hiyo ngozi hurudi kuwa ngozi. Mwako wake huchukua sehemu ndogo mno ya sekunde, kwa hiyo mguu wa mcheza ngoma hutulia hata shata ikiwa 1/60, na shata hiyo ndefu huruhusu zambarau ya mpambaji ibaki nyuma kama rangi ya ukuta. Hutumia betri zake yenyewe. Tanesco wakikata na jenereta ikachelewa, flashi haijui. Na flashi za Godox na Yongnuo zimeshusha bei kiasi kwamba flashi mbili na triga ya redio hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya zuumu ya f/2.8.

Mbona basi wateja wengi wanaichukia? Kwa sababu wameiona ikitumiwa vibaya. Flashi iliyo juu ya kamera ikielekezwa usoni hung'arisha jasho na poda, hubandika kivuli kikali ukutani, na mwanga wake hufa upesi: anayesimama mita nne hupata robo ya anachopata aliye mita mbili, na aliye mita nane hupata sehemu moja ya kumi na sita. Ndiyo sababu nyuma ya maharusi ukumbi wote huonekana pango.

Dawa inayofundishwa kila mahali ni kuielekeza darini ili mwanga urudi kwa ulaini. Hapa ukanda wetu una masharti yake. Ukumbi wenye silingi nyeupe ya mita tatu au nne ni neema. Ukumbi wenye vitambaa vya dhahabu au waridi vilivyofunika dari yote hurudisha mwanga wa rangi hiyo, na mpigapicha amejitengenezea tatizo alilokuwa anakimbia. Ukumbi wenye bati tupu juu, bila silingi, hurudisha mistari hafifu au hakuna kitu. Turubai jeupe, ambalo wenye kipato cha kati hulisimika uwanjani kwao, ni kiakisi bora kuliko kumbi nyingi za kukodi, na wengi hawalijui hilo. Sherehe ya wazi bustanini haina cha kuakisi, huko flashi ya darini huishia kumulika nyota.

Kwa hiyo jibu linalofanya kazi katika kumbi hizi zote ni kuitoa flashi kwenye kamera. Mbili juu ya stendi za mita mbili na nusu, kwenye pembe za eneo la kuchezea, zikimulika kwa ulalo kutoka pande mbili na kuwashwa kwa redio. Hapo dari haina kazi tena, rangi ya vitambaa haidhuru, na mpigapicha anatembea huru na lenzi yoyote. Ukipandisha ISO hadi 1600 flashi inahitaji sehemu moja ya kumi na sita ya nguvu ambayo ingehitaji kwa ISO 100, na betri hufika usiku wa manane.

Gharama zake zipo. Stendi inaweza kuangushwa na watoto au kuibiwa. Inahitaji kufika ukumbini saa moja kabla ya wageni, na maelewano na DJ kuhusu pa kusimika. Mpiga video anaweza kukasirika flashi zikikatiza video yake, ingawa huyohuyo ana taa yake ya LED iliyo nyeupe na isiyozima, ambayo mpigapicha mwenye akili huitumia bila kuomba. Wawili hawa wakipanga mapema, taa moja hulisha kamera mbili. Wengi hukutana mlangoni wakiwa tayari wamenuniana.

Kupima mzani

Vikiwekwa pamoja, vifaa hivi havishindani katika jambo moja. Lenzi na kamera huongeza kiasi cha mwanga kinachokusanywa. Flashi na taa hubadilisha aina ya mwanga uliopo. Malalamiko ya kwanza ya wateja wa ukanda huu ni rangi na ukungu, na yote mawili flashi huyajibu moja kwa moja, wakati lenzi hujibu nusu ya moja. Ubishi wa lenzi umepewa ukubwa usiostahili kwa sababu umeazimwa kutoka mahali ambako mwanga wa harusi ni mzuri tayari.

Kwa anayeanza na kamera ya kropu na lenzi ya 18–55, matumizi yenye faida kubwa kwa shilingi ni flashi ya kwanza, kisha 50mm au 35mm ya f/1.8. Ikiwa kazi zake nyingi ni za majumbani, aanze na 35. Flashi ya pili, triga na stendi zifuate. Baada ya hapo anunue bodi ya pili kabla ya kuota fulfremu, kwa sababu bodi mbili zenye lenzi mbili humwondolea kubadilisha lenzi kwenye vumbi na humwokoa moja ikifa. Fulfremu ya mtumba yenye nafasi mbili za kadi, D750 kwa mfano, inaweza kuwa ndiyo bodi hiyo ya pili. Zuumu ya f/2.8 ije kazi zikishakuwa za kudumu. Ile 70–200 haina haja ya kununuliwa na mtu wa harusi mbili kwa mwezi. Aikodi kwa wenzake wa Mwanza, na tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, lenzi inayoelekea Geita haisubiri tena kivuko.

Mpangilio huu unafaa pia kwa namna fedha inavyoingia huku. Wateja wa Katoro au Nyarugusu hulipa vizuri dhahabu ikitoka na kuahirisha isipotoka, na vijijini Shinyanga michango hufuata pamba na mpunga. Biashara yenye kipato cha kupanda na kushuka haibebi vizuri mkopo wa lenzi moja ya mamilioni. Inabeba vifaa vidogo vinavyonunuliwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikijilipa kabla ya kifuatacho.

Mwenye flashi nzuri atakutana na mazingira yasiyomruhusu kuitumia: ibada, dua, dakika ambazo familia inalia. Hapo f/1.8 haina mbadala, na ndiyo maana haiondoki kwenye orodha hata siku moja.

Sehemu iliyobaki ya tatizo haimo kwenye begi la mpigapicha. Taa mbili nyeupe juu ya meza kuu na mbili juu ya eneo la kuchezea, zikiwashwa kwa matukio manne au matano tu ya usiku huo, hupandisha mwanga kuliko lenzi yoyote iliyotajwa hapa, na gharama yake haifikii ya keki. Anayeamua hilo ni kamati. Kamati ikikaa kugawa bajeti, imwite mpigapicha kabla mpambaji hajachagua rangi ya taa.